Tangu Gulio Lihamishwe

Jumatatu, 8 Julai
Nimefungua duka saa moja. Saruji, mabati, misumari. Tangu niwe diwani wateja wananiita Mheshimiwa, na hakuna anayekaa tena benchi la nje kupiga soga. Wananunua, wanaondoka.

Alhamisi, 11 Julai
Nimepita kwa Deusi. Mgahawa umefungwa. Ujana wetu tulinunua kahawa pamoja kwa baiskeli, Nyakakika yote. Mama yake ndiye aliyenilea nilipofiwa na wangu. Nilipopiga kura gulio lihamie barabarani, wateja wake walihama nalo. Kata ilihitaji. Bado nasema hivyo. Deusi hasemi nami.

Jumamosi, 13 Julai
Mama yake Deusi mgonjwa sana. Nimeambiwa na mteja. Na mteja! Nikatuma gari limpeleke hospitali. Dereva karudi nalo tupu: Deusi kasema wameshapata bodaboda. Mama mzee vile, juu ya bodaboda. Hasira. Sikula.

Jumanne, 16 Julai
Mama amefariki.

Jumatano, 17 Julai
Mazishi. Nilivaa buti, nikawahi, nichimbe kaburi na wenzangu. Wakaninyang'anya jembe kwa heshima. "Mheshimiwa, kiti chako kiko mbele." Nikakaa chini ya turubai na mchungaji, soda mkononi. Wanaume wanachimba, wanataniana kwa Kinyambo. Utani niliokulia. Mimi natazama tu.

Mshereheshaji akaniita nitoe salamu za serikali. Salamu za serikali, kwa mama yangu! Sauti ikakatika. Watu wakapiga makofi. Deusi alitazama chini.

Ijumaa, 19 Julai
Kikao cha halmashauri. Sikumbuki tulijadili nini.

Jumapili, 21 Julai
Baada ya ibada nimekwenda kwa Deusi, bila dereva. Waombolezaji wameshatawanyika. Alikuwa kwenye kibanja, shamba lake la migomba, anakata majani makavu. Nikampa pole. Akaitikia bila kugeuka. Nikasimama tu.

Kisha akasema, "Alikuwa anakuulizia. Nikamwambia uko vikaoni."

Sikuwa vikaoni. Nilikuwa dukani, peke yangu. Sikumwambia.

Palikuwa na panga jingine chini. Nikaliokota, nikaanza mstari wa pili. Hakunikataza. Tulikata mpaka mpakani kwa jirani. Shati langu la kanisani limejaa utomvu.

Nilipoaga akasema, "Kesho naanza upande wa kahawa."

Sikuuliza kama ananialika.