Mpira wa Kitako cha Bunduki ya Babu

Wael, hupokei simu, basi soma. Nimeaibika mbele ya nyumba nzima.

Unaijua bunduki ya babu, ile aliyosema Baba ntaibeba mimi kwenye razha, ngoma ya panga na bunduki, ya harusi Ijumaa. Nimeinunulia mpira wa kuvisha kitako pale sokoni Hamriya, isiniteleze nikiirusha juu na kuidaka. Nikautia na gundi. Gundi, Wael!

Baba kauona leo baada ya chakula. Kanambia, "Umeivisha bunduki ya baba yangu kandambili?"

Nimevuta, wapi! Nimechukua kisu, Baba kanipokonya. Hapo akainuka nani? Thabit, mume wa dada yangu! Mtu wa kukaa ofisini Khuwair, bunduki kaiona kwenye picha tu. Kaomba mashine ya kukaushia nywele. Na aliyekimbia kumletea ni mke wangu. Mke wangu mimi!

Kaupasha moto polepole, mpira ukatoka kama soksi. Mbao haina hata mkwaruzo.

Baba akasema, "Ijumaa ataibeba Thabit." Mbele yangu, mwanawe wa kwanza. Ataibeba Thabit!

Ngoja, hujasikia bado. Baba kanambia nimfunze mimi kuirusha, maana mwenzangu hajui. Nikajisemea moyoni, alhamdulillahi, ataiangusha na itarudi kwangu. Tumetoka uani, nimemuonesha mara moja tu, tena harakaharaka.

Kairusha.

Kaidaka kwa mkono mmoja, Wael. Na mke wangu kapiga kigelegele.