Kiti cha Mbele

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, na za mama yako pia, akizipokea. Mimi ni mzima. Macho ni yale yale, giza tupu mwaka wa kumi na moja sasa, lakini vidole vinapiga taipureta vizuri tu. Barua zako ananisomea mwalimu jirani, kwa hiyo ukitaka kunitukana, nitukane kwa adabu.

Nimeunda baiskeli ya viti viwili. Mabomba nimeyapima na kuyakata mwenyewe kwa kupapasa, mchomeleaji akaunga. Nataka tuifuate pwani yote, kilomita mia sita na arobaini. Mimi nyuma nikanyage, wewe mbele ushike usukani na kunisimulia unachokiona. Mizigo nimeshafunga: mfuko wa fundo moja ni nguo, mafundo mawili ni tyubu, viraka na gundi, matatu ni dawa. Kiti chako kipo sentimita sabini na mbili juu ya pedali. Njoo, mwanangu. Tangu mama yako aondoke nawe sijapata mtu wa kumwomba jambo kama hili.

Baba yako

21 Februari

Shikamoo Baba,

Natumai u mzima. Sisi hatujambo. Mama anasema huo ni wazimu, nami sikumbishia. Nani alikwambia najua kuendesha? Tukianguka je?

Kisha nikapima hizo sabini na mbili ukutani. Baba, huo ni mguu wangu nikiwa na miaka kumi na miwili, tulipoondoka. Nilikaa sakafuni nikalia. Humu ndani ya bahasha kuna uzi, urefu wake ni kutoka nyonga hadi kisigino changu cha leo. Sijasema nakuja. Nimetaka ujue tu.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Hujambo?

Niliunyoosha uzi juu ya benchi la kazi, nikaufuata kwa kidole. Nikafika pale ambapo mguu wako huishia katika kumbukumbu yangu, uzi ukaendelea. Mwalimu aliniuliza kama naumwa. Miaka yako nimeihesabu yote bila kuruka hata mmoja, lakini sikuwahi kukuongezea hata inchi. Fundi mzima, nimempimia mtu ambaye hayupo tena. Nimestaajabu, wala sioni haya kusema.

Fremu nimeikata, tunaiunga upya. Hata usipokuja, itakuwa na kipimo chako cha kweli.

Baba

2 Mei

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kimya. Wiki sita nimeazima baiskeli ya jirani, nazunguka uwanja wa shule. Nimeanguka mara nne, goti ndilo shahidi. Nafika Jumamosi, tarehe kumi na sita. Nina mashati mawili, kofia na koti la mvua, na mifuko nimeifunga mafundo kama yako.

Barabara siiogopi tena. Ila Jumapili nilipanda basi hadi baharini nijizoeze kukusimulia. Nilisimama pale mpaka jua likanichoma shingo, na sikupata neno hata moja. Utaniuliza, "Ikoje?" nami nitakuwa bubu.

Mwanao

8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wote wazima, mwalimu anakusalimu.

Maneno yaache huko, mizigo imeshajaa. Ukikosa la kusema, funga breki unyamaze. Nitajua ni kubwa.

Jumamosi nitakuwa kituoni tangu asubuhi. Ukiniona usiniite. Njoo tu usimame wima mbele yangu, uuache mkono wangu upande taratibu mpaka ufike utosini kwako.

Baba