Sifuri ya Mtoto wa Madaba

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mguu umepungua kuvimba na baba anapumua vizuri. Mimi mzima, ila nimechoka. Kwenye simu huwa nakuambia kazi nzuri, basi. Leo nimeona nikuandikie.

Unajua kwamba huku Songea nashughulikia kompyuta za zahanati. Programu kubwa wametengeneza watu wa Dar es Salaam, mimi naandika vipande vidogo vya kuchomeka ndani yake. Kimoja kinaulizwa uzito wa mtoto, kinajibu idadi ya vidonge vya malaria. Masharti yao ni namba moja iingie, namba moja itoke. Kingine chochote hawapokei.

Mwezi uliopita mizani ya watoto iliisha betri. Akaja mama mmoja wa Madaba na mwanawe, vipimo vikaonyesha malaria. Uzito haukuandikwa, na kwa kuwa ile programu inataka namba tu, palipokosekana kitu yenyewe ikaweka sifuri, na kipande changu kikajibu vidonge sifuri. Mgawa dawa, naye mgeni kazini, akaisoma hiyo sifuri na kumwambia yule mama kwamba mtoto hahitaji vidonge. Mama akaondoka na mwanawe.

Sista Batilda, muuguzi wetu, ndiye aliyeona majibu ya maabara, akagundua mtoto ameondoka bila dawa. Tulipanda bodaboda moja sote wawili hadi stendi. Tukamkuta yule mama ameshakaa garini, mtoto mapajani anaungua homa.

"Mlisema hana kitu," alisema.

Sista akamjibu taratibu, "Hapana, dada. Mashine haikujua, ikasema sifuri."

Tukarudi nao. Kwa mizani ya watu wazima Sista alimpima mama akiwa amembeba mtoto, akampima tena peke yake, akatoa tofauti. Mtoto akameza dawa mbele yetu. Mimi nikatoka nje nikakaa kwenye benchi.

Niliwapigia Dar. Msimamizi wao akaniambia uzito ukikosekana nirudishe namba yoyote iliyo chini ya sifuri, yaishe. Nikakataa, maana nayo kuna siku mtu ataisoma kama idadi ya vidonge. Nilitaka nafasi ya kuandika maneno. Tulivutana sana, mama. Naandika, wanakataa, naanza upya, macho yanawasha. Mwishowe nikampa Sista simu amsimulie habari ya yule mtoto. Yule bwana akakubali. Sasa kipande changu kinapokea kadi nzima ya mgonjwa na kurudisha vitu viwili, namba na maneno. Uzito usipokuwepo, namba haionekani kabisa. Panaandikwa: "Sijui. Mpimeni kwanza."

Jana yule mama alimrudisha mwanawe aangaliwe. Mtoto anatembea sasa. Alinijia mezani, akavuta waya wa kompyuta mpaka ikazimika, kazi yangu ya asubuhi yote ikapotea. Sikumkataza.

Nisalimie baba, shangazi anayekukanda mguu, na mdogo wangu Salma pamoja na shemeji. Mniombee dua nipate kupumzika kidogo.

Ni mimi mwanao wa Songea,
Hamisi