Makopo ya Kaka Yako

Shemeji yangu,

Sisi tupo, tunasukuma siku. Paa la jikoni tumeliziba, na mjukuu wetu ameota jino, anamng'ata kila anayempakata.

Mkono wa kulia wa kaka yako haujarudi tangu kiharusi. Hata hivyo, kila asubuhi alikuwa akiniomba nimtoe uani, kwenye makopo ya oili aliyoyaokoa kituo chenu cha mafuta kilipobomolewa. Aliyafuta kutu kwa mkono wa kushoto huku akisimulia: oili ya hili tuliitia kwenye basi la kwanza kuingia kituoni, lile mdogo wangu alikuwa akilikalia akila mchana. Nami nilijifanya nasikia kwa mara ya kwanza.

Juma lililopita alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Akamwambia, "Beba vyote. Makopo, jeki, spana."

Nikamuuliza, "Hata bomba la grisi, baba watoto?"

"Mkono wa kulishika uko wapi?"

Yule mtu aliyaponda makopo kwa mguu ili yaenee kwenye mkokoteni. Kaka yako hakugeuza uso. Alitazama mpaka la mwisho.

Tangu hapo amelala ameelekea ukutani. Chakula anakifumbia mdomo, na dawa vilevile. Jana nilimwambia nakuandikia, akasema, "Mwambie asije. Mtu aliyekuwa akimjua hayupo tena."

Aliniapisha nikufikishie, nami nimekufikishia. Lakini kutokukuita sikuapa. Njoo, shemeji, hata kama hatakugeukia.

Ni mimi,
mke wa kaka yako