Mtoa Mada ni Mke Wangu

Jumamosi, 8 Juni

Leo amejaribu mada yake sebuleni. Kasimama mbele ya televisheni, kashika rimoti kama maiki, watoto wamekaa kwenye zulia. Mimi nikapewa kazi ya kushika saa. Mhandisi mzima, nywele zimeanza kuota mvi kwa kazi za barabara — mshika saa.

Semina ni ya siku tatu, ya wahandisi na wanajiolojia. Usipohudhuria, leseni yako haihuishwi. Mwaka huu niliomba kutoa mada. Nikajibiwa nafasi zimejaa, karibu kama mshiriki. Mke wangu hakuomba chochote. Alipigiwa simu. Ndiye atakayefungua semina. Mada: maji yanavyojificha ndani ya vilima vilivyokatwa kupitisha barabara.

Barabara. Yeye ni mwanajiolojia, mtu wa mawe. Barabara ni zangu.

Binti yetu mdogo kaniuliza, "Baba, na wewe utaongea?" Mama yake akamjibu haraka kwamba baba atakuwepo kumpa nguvu. Alisema kwa upendo. Ndiyo maana iliniuma.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe kapiga simu. Ukoo mzima umeshajua. Akaomba kunisalimia.

"Mkwe wangu, hongera kwa kumsomesha."

Sikumsomesha. Alipata ufadhili, akajisomesha mwenyewe mpaka udokta. Lakini hongera nikaipokea. "Ahsante mama, ni wajibu." Mke wangu alikuwa anapiga pasi blauzi ya kesho, masikio yote huku. Akageuza tu kola upande wa pili.

Jumatatu, 10 Juni

Mapokezi nimepewa kitambulisho cha kuvaa shingoni: Mshiriki. Chake kina utepe wa bluu. Dada wa mapokezi akatutazama wawili, akacheka: "Kumbe huyu ndiye shemeji yetu!" Ikawa ndiyo hiyo. Siku nzima shemeji. Shemeji karibu, shemeji chai ile pale, shemeji sogea kidogo tupige picha na dokta. Hakuna hata mmoja aliyeniita mhandisi.

Ameongea vizuri. Naandika hapa kwa sababu sitalisema mahali pengine. Hakusoma slaidi kama wengine. Alieleza maji kama mtu anayemsema jirani mwenye tabia mbaya — anaingia bila hodi, anakaa kimya, siku akiondoka anaondoka na ukuta. Ukumbi ulicheka. Wazee wa visima, wachimbaji wa miaka mingi, walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa natazama mgongo wa kiti cha mbele.

Mwenyekiti wa semina, ofisini kwetu tunamwita Tai, maana hata kwenye vumbi la saiti havui tai yake. Alimshika mkono kwa mikono miwili. Akachelewa kuuachia. Halafu akanigeukia: "Shemeji, wewe una bahati. Ushauri wa kitaalamu unaupata bure, tena kitandani." Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Kwenye gari alikuwa anaimba puani. Akauliza nimeonaje.

"Sauti ilikuwa chini kidogo."

Sauti haikuwa chini. Aliacha kuimba.

Jumanne, 11 Juni

Leo ilikuwa ziara ya mafunzo. Mabasi mawili. Yeye basi la kwanza, kiti cha mbele, na Tai pembeni yake. Mimi la pili, nyuma, nimebanana na kijana wa upimaji aliyelala begani mwangu njia nzima.

Tuliposhuka, nikapatambua. Tumepelekwa kwenye kilima cha kuingilia mjini. Ule mkato wa kupitisha barabara niliusanifu mimi. Nadhani mke wangu naye hakujua tunakokwenda, maana alinitafuta kwa macho kabla hajaanza.

Akaanza hata hivyo. Akachuchumaa, akatuonyesha majani mabichi katikati ya ukavu. Akapanda juu, sote nyuma yake, akatuonyesha ufa — mwembamba, kalamu inaingia. Akasema maji yamo ndani na hayana pa kutokea. Mabomba ya kuyatoa ni machache mno. Mvua kubwa ikija, kilima kitashuka barabarani. "Ningekuwa na mamlaka, upande huu ningeufunga leo."

Hakutaja mtu. Lakini niliona vichwa vinatikisika kumkubali, niliona Tai anamtazama kama mtoto anavyotazama keki, na maneno yakanitoka.

"Mtoa mada, samahani. Wewe mwenyewe umejenga barabara ngapi?"

Mmoja nyuma akacheka. Wakafuata wengine.

Akanitazama. "Hata moja, mhandisi."

Mhandisi. Neno nililolililia tangu jana. Likanifikia kama kofi.

Tai akasema tusitishane bure, jua kali, turudi kwenye mabasi. Nilidhani nitajisikia vizuri. Nilijisikia vizuri mpaka kwenye mlango wa basi.

Nyumbani kaongea na watoto tu. Nikamfuata jikoni. Akasema kama nilitaka kumpinga ningempinga kwa hoja, si kumdhihaki. Nikamwambia yeye ndiye aliyeanza kunivua nguo mbele za watu.

"Sikutaja jina lako."

"Kila mtu anajua ule mkato ni wangu."

"Walikuwa hawajui," akasema, anakausha sahani ambayo ilishakauka. "Sasa wanajua."

Jumatano, 12 Juni

Mvua tangu alfajiri. Nikamwambia atangulie na teksi, nina jambo ofisini. Sikuwa na jambo ofisini. Nikaenda kilimani.

Ule ufa wa kalamu — leo kiganja changu kimezama chote. Chini, tope limeshaanza kulamba ukingo wa lami. Wanafunzi walikuwa wanapita hapo hapo, wamejifunika mifuko ya plastiki kichwani, wanasukumana. Nikapiga picha. Picha ya kwanza ikatoka ukungu mtupu, nikapiga nyingine.

Alikuwa sahihi. Alichuchumaa pale mara moja tu, akaona. Mimi nilishinda pale miezi, sikuona. Na kilichonijia kwanza hakikuwa hofu, wala wale watoto. Mungu anisamehe, kilikuwa wivu. Hofu ilikuja baadaye, garini, nikiwa nimeshika simu. Nikaitafuta namba ya mkuu wa matengenezo. Nikaiona. Sikupiga. Nikajiambia jambo kama hili linataka kikao.

Sasa niko kikaoni. Naandika nikiwa viti vya nyuma ukumbini, jirani yangu anadhani nanukuu maazimio. Tai anayasoma moja moja. Amefika kwenye mkato. "Dokta, hapa tuandike nini? Tupeleke pendekezo la kufunga barabara au tuache?"

Mke wangu kasimama. Macho yamevimba, hajalala. Kasema labda jana alitia chumvi. Kasema aliyesanifu mkato ule anaujua kuliko mgeni wa siku moja, na anaheshimu kazi yake.

Ameniokoa. Mbele ya watu wale wale.

Tai kafurahi, maana kufunga barabara ni balaa. Anasema basi tunalifuta. Anauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kufunga. Maiki inapita safu hadi safu.

Nikinyamaza, nimeshinda. Ni mimi ninayeujua mkato. Nikisema, mkato ni mbovu, mimi ndiye niliyeuharibu, na yeye ndiye aliyeuona ubovu kabla ya ukumbi mzima. Hata ukweli wangu utakuwa sifa yake. Nimekaa napima haya huku mvua inapiga bati mpaka msemaji hasikiki. Simu yenye zile picha iko mfukoni, ina joto.

Amegeuka. Ananitafuta. Hana hasira usoni — anadhani amenipa zawadi.

Maiki iko safu ya mbele yangu. Mzee wa visima anashukuru waandaaji, anashukuru chai, anashukuru hata projekta. Sasa anaipitisha nyuma. Jirani yangu kaipokea. Ananinong'oneza: shemeji, una la kusema?

Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia kuandika.