Batani za Upande wa Kushoto

Kaka yangu,

Nimeifungua ile mashine ya gemu. Ungesema nimeanza tena udadisi wangu, na ungesema kweli. Imekaa stoo hapa Kihonda tangu tulipokuzika. Juzi fundi seremala aliomba mbao za kabati lake, nami nikachukua bisibisi kabla hajaja kuzichukua.

Unakumbuka ulivyoileta? Ilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anajifungulia biashara, kiwanda cha nguo kimekupunguza, na wewe fundi umeme mzima unashinda barazani ukitengeneza pasi za majirani. Ukaenda Dar, ukarudi na kabati refu kuliko mlango wetu, kioo kizima, stiki zimevunjika. Mama aliuliza kama ni jokofu.

Stiki mpya tulifunga pamoja. Ulinipa mimi kulehemu kwa sababu mkono wangu hautetemeki kama wako, ingawa ni wa kushoto. Tulipowasha, ukivuta kulia, mtu kwenye kioo anakwenda kushoto. Ukaanza kuilaumu bodi. Mimi nikaigeuza stiki, nikachungulia chini yake, nikaona kwamba kijiti kikilala kulia, mkia wake wa ndani unabonyeza swichi ya kushoto. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema, "Mdogo wangu, kiwandani walikosea, walitakiwa kukuajiri wewe."

Lakini kucheza sikuweza. Batani zote zilikuwa kulia, na mkono wangu wa kulia ni mzito, licha ya Mama kunifunga ule mwingine kwa kipande cha kanga kila tulipokula. Hata wateja wetu wa darasa la pili walinishinda.

Halafu ikaja ile siku. Mzee jirani alikuja kuona ni kitu gani kinawapoteza wajukuu wake. Nilimpa shikamoo yake vizuri, nikampa na sarafu ya kuchezea ajaribu, ila niliitoa kwa kushoto. Mbele ya watu wote ukasema, "Msamehe mzee, huyu mkono wake mmoja hauna adabu." Walicheka. Nilifunga nguo zangu nikaenda kwa shangazi, Mkuyuni.

Niliporudi baada ya wiki mbili, stiki iko katikati, batani ziko pande zote mbili. Nilikuuliza kulikoni. Ukajibu bila kuniangalia kwamba wateja wameomba. Nilikuamini, na nikaendelea kununa. Nilipohama tukawa watu wa kusalimiana kwenye harusi na misiba, mpaka msiba ukawa wako.

Sasa sikiliza nilichokiona juzi. Nilifuata waya kwa kidole, moja moja. Zinatoka kwenye bodi na kwenda moja kwa moja kwenye batani za kushoto. Za kulia zimeungwa kutokea hapo, kwa vipande vya waya wa simu. Sikuamini, nikapima kwa tester ya umeme, nikapima tena. Batani za ziada ni za kulia, Kaka. Kwanza ulizihamishia zote upande wangu, kushoto. Natamani kujua mashine ilikaa hivyo siku ngapi, na wateja walilalamika vipi hadi ukawaongezea za kwao. Natamani kujua pia kwa nini hukumwita mtu akusaidie, maana lehemu ni yako, imevimba mabonge mabonge, na kwenye ubao kuna alama tatu ulipouunguza.

Kwa nini hukusema? Au ulidhani mimi, ninayechungulia kila kitu, nitaifungua siku hiyo hiyo? Ningeifungua. Hasira ndizo zilizonizuia.

Seremala nimemrudisha bila mbao. Miaka yote hii nimekungoja uniombe radhi, hata kaburini kwako nimesimama nikiingoja. Kumbe ulikwisha kuniomba, nami nikaibonyeza radhi yako kila jioni, nikawashinda watoto wa mtaa mzima, nikikununia.

Nisamehe, Kaka. Mungu akulaze pema.

Ni mimi,
mdogo wako