Shimo la Baada ya Daraja

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wapwa zangu wote watatu. Natumaini goti limepoa, na kwamba umeacha ubishi wako wa kupanda ngazi mbilimbili kama msichana wa shule. Mimi mwili haujambo. Nakula, nimerudi kazini maktaba, na nguo zangu za zamani zimeanza kunikaa tena. Habari iko upande wa moyo. Ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu, kwa sababu kwenye simu wewe hunikata kauli kabla sijafika nusu, na hili la leo nataka ulipate lote.

Najua umeapa kwamba hutaki kusikia habari za shemeji yako. Nivumilie, dada. Barua hii karibu yote inamhusu yeye.

Unakumbuka kwa nini tulihama mjini. Vile vyumba viwili vilikuwa juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, na baada ya zile mimba mbili kuharibika, mume wangu alisema hii ya tatu haitakulia kwenye moshi na makelele. Akatafuta nyumba mpaka akaipata huku kitongojini, ina ua, ina bomba lisilokauka, na ina chumba kidogo kinachopata jua la asubuhi. Mimba ilikuwa na miezi sita tulipohamia. Tatizo lilikuwa moja tu: kazi zetu sote wawili zilibaki mjini, na gari ni lilelile moja ambalo wewe huliita sanduku la sabuni.

Sasa wewe unamjua. Mume wangu ni fundi wa lifti, na kwake yeye hakuna kitu kinachoitwa karibu sawa. Lifti ama imefika usawa wa sakafu ama haijafika. Mimi nilipewa likizo ya majuma matatu ya kuhamia, yeye akaendelea kwenda kazini peke yake, na kila asubuhi alijaribu njia tofauti. Zilikuwa tatu. Ya kwanza ni barabara kuu, lami nzuri, lakini ukifika kwenye mzunguko wa kuingilia mjini foleni inakumeza. Ya pili inapita nyuma ya kiwanda cha saruji, nayo ni ya malori. Ya tatu ni ya mtoni, inavuka daraja jembamba, ni ndefu kidogo, lakini ina kivuli na magari machache.

Alikuwa anajaza glasi ya maji, anaiweka mbele kwenye dashibodi, halafu anaendesha. Jioni ananiletea matokeo: njia ya kiwandani maji yamebaki nusu, barabara kuu yamemwagika kidogo, ya mtoni karibu yote yamefika salama. Jirani yetu, mzee aliyestaafu udereva wa lori na ambaye mtaa mzima unamwita Breki, alikuwa anakuja kutoa ushauri akiwa bado na mswaki mdomoni. Alimwambia kwamba yeye amebeba mayai, vioo na wakati mmoja twiga mzima, lakini hajawahi kuona mtu akipanga safari ya dakika hamsini kwa majuma matatu. Mume wangu alimjibu kwamba twiga ana miguu minne ya kujishikilia, huyu wangu bado anaogelea.

Tulicheka sana, dada. Naandika hivi ili ujue kwamba tulicheka.

Ratiba aliiandika nyuma ya fomu za ukaguzi wa lifti. Kuondoka saa kumi na mbili na dakika tano, kabla foleni haijaamka. Kituo cha mafuta chenye choo safi, saa kumi na mbili na nusu, maana mjamzito hafai kubanwa na mkojo wakati choo kipo njiani. Matuta kumi na moja, yote ameyaandika yalipo. Mimi kushuka maktaba, yeye kuelekea karakana. Chini kabisa akachora mstari na kuandika: abiria wa tatu, akifikisha miezi minne. Alikuwa ameshaongea na mama mmoja anayelea watoto wachanga jirani na kazini kwake, ili saa ya chakula awe anakwenda kumwona mtoto wetu.

Siku yangu ya kwanza kurudi kazini ilikuwa Alhamisi. Habari ya Alhamisi hiyo ndiyo uliyoipata kwa simu, na uliipata hivi: tulipita njia ya mtoni, mara tu baada ya daraja lori la mchanga likatujia katikati ya barabara, mume wangu akakwepa, gurudumu likaangukia kwenye shimo, mimi nikapiga ukelele, uchungu ukaanza, na mtoto wetu wa kike akazaliwa hospitalini mchana ule akiwa hana uhai. Yote hayo ni kweli. Ukampigia simu kesho yake ukamwambia kwamba yeye na nyumba yake ya kifahari wamekuulia mwana, kwamba mwanamke wa miezi saba hatembezwi kwenye mashimo kama gunia. Aliweka simu mezani, akaenda uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Kuna jambo ambalo hukuambiwa. Muuguzi alipomfunga mtoto kitambaa na kumleta, mume wangu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alisema mikono yake haina haki ya kumgusa. Muuguzi akamwambia baba, mshike kidogo, utakuja kutamani. Akakataa. Siku ya kuzika alisimama nje ya ukuta wa makaburi na Breki akamshika bega. Baba mkwe ndiye aliyempokea mtoto na kumlaza.

Tangu hapo hakuligusa gari kwa wiki nne. Alikuwa anaamka saa tisa za alfajiri ili atembee mpaka kwenye kituo cha mabasi. Alipoanza kuendesha tena, ilikuwa ni kwa ajili ya kubeba kokoto. Kila Jumamosi alikwenda pale baada ya daraja na koleo, ndoo na mfuko wa saruji, akaziba lile shimo. Malori yakalifumua, naye akarudi. Madereva wakawa wanampungia mkono na kumwita Waziri wa Barabara. Yeye anawaitikia kwa adabu, anasubiri wapite, anaendelea kushindilia. Breki alikwenda siku moja kumsaidia, akarudi kwangu macho mekundu, akaniambia mama, ongea na mumeo, yule hazibi barabara.

Dada, sasa nakaa vizuri kwenye kiti, maana nimefika.

Jumatano, siku moja kabla ya safari ile, nilikwenda kliniki ya hapa kitongojini peke yangu. Mtoto alikuwa kimya tangu juzi yake, nikajiambia amelala, wewe mwenyewe uliniambia kwamba wakikaribia kuzaliwa hupunguza michezo. Daktari alinipaka ile dawa ya baridi tumboni, akapitisha kipimo upande huu na upande ule. Halafu akakigeuza kioo cha mashine kisinitazame. Aliniambia moyo haupigi. Aliniambia pengine umesimama siku mbili nyuma, na kwamba inaonekana kamba ya kitovu ilijifunga. Akaniambia hakuna nilichokosea. Akaandika barua ya hospitali kubwa ya mjini, akasema kesho asubuhi niende na mume wangu.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Nilimkuta ameegemea meza na penseli sikioni, ameipanga ile ratiba mpya aliyoinakili kwa mwandiko mzuri. Aliniuliza daktari amesemaje. Nikafungua mdomo. Akasema subiri kwanza, kaa, nikuonyeshe, nimepata dakika hamsini na mbili bila tone kumwagika. Nikakaa. Akanionyesha mstari wa abiria wa tatu. Nikamwambia daktari amesema tuko salama.

Nilidhani nitamwambia asubuhi, garini, kwa kuwa kwenye gari mtu hutazama mbele. Barua ya daktari ilikuwa kwenye mkoba wangu, magotini. Kwenye kituo cha mafuta nikasema tukifika kwenye daraja nitamwambia. Darajani nikasema tukishavuka. Lori likaja, shimo likatupokea, na ule ukelele nilioutoa haukuwa wa maumivu. Ni kilio cha tangu jana yake kilichopata mlango. Uchungu wenyewe ulikuja dakika kadhaa baadaye. Mume wangu alikuwa ameshaanza kuliambia tumbo langu nimekuua, nimekuua mwanangu.

Hospitalini nilimpa muuguzi ile barua. Akaisoma, akanirudishia, akaniuliza mumeo anajua? Nikasema anajua. Kwa hiyo kila alipowaambia kwamba ni yeye, ni shimo, walidhani ni majonzi tu yanaongea, wakampigapiga mgongoni, wakapita.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza baadaye, siku moja, wiki moja, miezi miwili na nusu. Nami nitakujibu bila kujipamba. Siku za kuhama, yeye akiwa kazini, nilisukuma kabati kutoka ukumbini hadi chumbani. Alikuwa amenikataza hata kuinua kiti. Nilibeba na masanduku manne ya vitabu. Daktari alisema sikukosea, lakini hakujua habari za kabati, wala sikumwambia. Basi mume wangu alipopiga magoti kando ya kitanda changu na kuniomba msamaha, nilihisi kitu ambacho naona aibu kukiandika. Nilihisi unafuu. Nilimwona ameubeba ule mzigo, nikamwachia. Nawe ulipomtukana, nilikuwa nimekaa hapohapo naisikia sauti yako, nikainama kama mtu anayetafuta kiatu.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea chakula kule barabarani. Saa saba za mchana, jua kali, shati limemganda mgongoni. Nilimwambia aweke koleo chini. Nikamwambia yote, kuanzia kipimo hadi kabati. Nikampa ile barua, maana sikuwahi kuichana. Akaisoma kwa vidole vyenye saruji. Akaitazama tarehe. Akaniuliza, "Jumatano?" Nikamwambia ndiyo, Jumatano.

Nilijiandaa kwa kila kitu, dada. Nilijiandaa kutukanwa, nilijiandaa kuachwa palepale na sufuria yangu. Hakupaza sauti. Alikaa kando ya barabara, akaiangalia mikono yake upande wa juu, akaigeuza akaangalia viganja. Kisha akasema, "Basi ningeweza kumbeba."

Akapakia koleo na ndoo garini, tukarudi nyumbani.

Siku hizi analala kwenye kile chumba kidogo. Asubuhi tunaondoka pamoja kwenda mjini, kwa barabara kuu, kwenye foleni, redio imezimwa. Kuhusu kabati aliniambia sentensi moja, kwamba nikamuulize daktari mwenyewe badala ya kujihukumu gizani. Nimekwenda. Daktari alinijibu kwamba kabati halifungi kitovu. Nimeshindwa kuamua kama namwamini, ila nalala kidogo. Shemeji yako hajaniambia kwamba amenisamehe, nami sijaona ninavyoweza kuliomba hilo. Nilichomnyang'anya hakirudi. Nitamwombaje anipe msamaha, nami sina cha kumrudishia?

Nawe nakuomba jambo moja. Mpigie simu. Yale uliyomwambia yalikuwa yangu, yachukue uniletee mimi. Ukiona ni vigumu kusema, kaa kimya tu kwenye simu, ajue upo.

Nilitaka kuishia hapo, lakini jana jioni kulitokea jambo. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Akaja akasimama mlangoni, akaniuliza alikuwaje. Nikaweka kisu chini. Nikamwambia nywele zake zilikuwa nyingi, zimelala kwenye paji la uso. Nikamwambia masikio ni yake yeye, yaleyale mliyoyacheka siku ya harusi yetu. Akauliza kama alikuwa mzito. Nikasema hapana, si sana. Akatafakari, halafu akanyoosha mikono kama mtu anayepokea kitu, akaniuliza, "Hivi?"

Nikamsogelea, nikakisukuma kiwiko chake ndani kidogo, na mkono wa pili nikauinua, kwa ajili ya kichwa.

Nikamwambia, "Hivi."

Akabaki hivyohivyo, amesimama katikati ya jiko, kwa muda mrefu, nami sikuondoka.

Wabusu wapwa zangu, umwambie yule mdogo kwamba picha aliyonichorea nimeibandika maktaba, mezani kwangu. Msalimie shemeji wa huko. Breki naye anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema mtu mwenye sauti kali kiasi hicho kwenye simu lazima ana moyo mkubwa. Nijibu, hata kama ni kwa hasira. Nitaisoma.

Mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.